Neno "Ndoa" Mbele ya Mahakama: Hadhi ya Sheria ya Kiislamu katika Mfumo wa Sheria wa Afrika Kusini

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kutilia shaka kwamba ndoa iliyofungwa na shehe mbele ya walii na mashahidi wawili ni ndoa. Neno lenyewe, ndoa, ni la Kibantu na limetokana na kitenzi kuoa. Lakini maneno yanayolizunguka, kama vile mahari, talaka, eda, walii, mirathi na wosia, yametoka katika Kiarabu kwa njia ya fikihi. Sheria za nchi za Afrika Mashariki nazo hazikulipinga jambo hilo. Nchini Kenya, mahakama za kadhi zimetajwa katika Katiba ya 2010. Zanzibar ina mahakama zake za kadhi. Tanzania Bara, ambako mahakama hizo hazimo katika muhimili wa dola, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaihesabu ndoa ya Kiislamu kuwa ndoa halali, iwe ya mke mmoja au ya wake wengi.

Hali ya Afrika Kusini ilikuwa tofauti kabisa. Kwa zaidi ya karne moja mahakama za nchi hiyo zilishikilia kwamba watu wawili waliooana Kiislamu, wakaishi pamoja miaka thelathini na kuzaa watoto, hawakuwa na ndoa yoyote machoni pa sheria. Hawakuwa mume na mke. Walikuwa watu wawili tu waliokaa nyumba moja. Mwanamke aliyeachwa hakuwa mtalaka, na aliyefiwa hakuwa mjane.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyobadilika. Hoja inayojengwa ni kwamba mabadiliko hayakuja kwa dola kuipokea sheria ya Kiislamu kuwa sehemu ya sheria za nchi. Yalikuja, kwa sehemu kubwa, kwa kufasiri upya maneno machache yaliyomo katika sheria za Bunge. Kwa sababu hiyo ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo kwa Kiswahili huelezwa kwa kitenzi kimoja, kutambua: kuitambua ndoa, na kuitambua sheria ambayo kwayo ndoa hiyo ilifungwa.

2.0 Chimbuko la Mfumo

Msingi wa sheria ya Afrika Kusini ni sheria ya Kirumi na Kiholanzi iliyoletwa Rasi na Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki kuanzia 1652. Waingereza walipoitwaa Rasi hawakuiondoa. Waliongeza juu yake taratibu zao za mahakama, kanuni zao za ushahidi na sehemu kubwa ya sheria ya biashara. Pembeni mwa mfumo huo ilikuwapo sheria ya kimila ya Waafrika, ambayo dola iliitambua kwa kiasi na kwa masharti yake yenyewe. Sheria ya Kiislamu haikuwa na nafasi katika upande wowote. Haikuwa sheria ya watawala, wala haikuhesabiwa kuwa mila ya wenyeji.

Hata hivyo Waislamu walikuwapo tangu karne ya 17. Wa kwanza waliletwa Rasi kutoka visiwa ambavyo sasa ni Indonesia na sehemu nyingine za Asia, wakiwa watumwa au wafungwa wa kisiasa. Kuanzia 1860 walifika Natal Wahindi wa mikataba ya kazi, na baadaye wafanyabiashara kutoka Gujarati. Kati ya 1873 na 1880 wakafikishwa Durban watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakhuwa wa kaskazini ya Msumbiji, ambao mpaka leo kizazi chao huitwa Wazanzibari kwa kuwa safari yao ilipitia Unguja. Waislamu wote kwa jumla hawafiki asilimia 2 ya wakazi wa nchi. Wale wa Rasi wengi hufuata madhehebu ya Shafii, na wale wenye asili ya Kihindi wengi ni wa Hanafi.

Wala hawakuwa watu wasio na maandishi ya sheria yao. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa Rasi na dola ya Uthmaniya, aliandika kitabu cha fikihi kwa Kiafrikana katika hati za Kiarabu, nacho kikachapishwa Istanbul mwaka 1877. Kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa machapisho ya awali ya lugha hiyo. Hivyo lugha ambayo baadaye ilikuja kuwa lugha ya utawala uliowabagua Waislamu ilikuwa imekwisha kutumika kufundishia hukumu za Kiislamu, ilhali mahakama zikiendelea kuzikataa hukumu hizo.

3.0 Kipindi cha Kukataliwa

Msimamo wa mahakama uliwekwa bayana mwaka 1917 katika shauri la wasimamizi wa mirathi ya Seedat huko Natal. Shauri lilihusu kodi ya mirathi: je, mwanamke aliyeolewa Kiislamu aliweza kuhesabiwa kuwa mke aliyeachwa na marehemu? Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Innes, ilikataa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba ndoa inayoruhusu wake wengi inachukiza maadili na dini za wengi wa watu waliojiita wastaarabu.

Miaka sitini na sita baadaye msimamo ulikuwa ule ule. Katika shauri la Ismail dhidi ya Ismail (1983), mwanamke aliyepewa talaka alidai mahari yake ambayo haijalipwa, matunzo yaliyolimbikizwa, matunzo ya kipindi cha eda, na vito vyake. Mume hakuwa na mke mwingine. Mahakama ya Rufani ilisema hilo halikubadili kitu: madhali ndoa ya namna hiyo inaruhusu mke wa pili, ndoa yote, pamoja na kila ahadi iliyotokana nayo, ni kinyume cha maadili mema ya jamii. Mdai hakupata chochote.

Hapana budi kuangalia kwa makini namna hoja hiyo ilivyojengwa. Mahakama haikusema kwamba watu hao hawakuoana. Ilisema kwamba kuoana kwao hakukuwa "ndoa". Maana ya neno ilikuwa imefungwa ndani ya fasili moja, yaani muungano wa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja bila ya uwezekano wa mwingine, na fasili hiyo haikutoka katika matumizi ya wazungumzaji bali katika mafundisho ya Kanisa yaliyopokewa na sheria ya Ulaya. Na "jamii" ambayo maadili yake yalipimwa ilikuwa jamii ya wachache waliokuwa na haki ya kupiga kura.

4.0 Njia ya Mkataba

Katiba ya mpito iliyoanza kutumika tarehe 27 Aprili 1994, na baada yake Katiba ya 1996, zilileta misingi ya usawa, utu na uhuru wa dini. Kifungu cha 15(3) cha Katiba ya 1996 kinaruhusu kutungwa sheria ya kutambua ndoa zilizofungwa kwa mapokeo yoyote, au mifumo ya sheria ya dini inayohusu watu na familia, mradi isipingane na Katiba. Yafaa kusisitiza kwamba kifungu hiki hakitambui chochote chenyewe. Kinafungua mlango tu na kuliachia Bunge kupita.

Bunge lilichelewa, na mahakama zikatangulia. Katika shauri la Ryland dhidi ya Edros, lililoamuliwa mjini Cape Town mwaka 1996, mume alitaka mke aliyemwacha atolewe nyumbani, naye mke akadai haki zake. Jaji Farlam alieleza kwamba maadili ya jamii sasa lazima yapimwe kwa misingi ya Katiba, na kwamba haifai kundi moja kulazimisha maadili yake juu ya kundi jingine. Hivyo akalichukulia pendekezo na kukubali la nikaha kuwa mkataba ambao mahakama inaweza kuutekeleza, angalau pale ambapo mume ana mke mmoja. Madai ya matunzo, pamoja na yale ya eda, yakakubaliwa.

Lakini njia ya mkataba ina mpaka wake: hutekelezwa kile tu ambacho wahusika wanachukuliwa kuwa walikubaliana. Mke huyo alidai pia sehemu ya mali iliyochumwa wakati wa ndoa, akitaja desturi ya Waislamu wa Malaysia ya kugawana mali hiyo. Dai likakataliwa, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba Waislamu wa Rasi wana desturi kama hiyo.

Hapa ulinganisho na Tanzania unasaidia. Mwaka 1983, mwaka ule ule wa hukumu ya Ismail, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Wahusika walikuwa Waislamu, lakini kanuni iliyotumika ilikuwa ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa kuwa ndoa yenyewe haikuwa na utata, mahakama iliweza kushughulikia maana ya "mchango". Mahakama ya Afrika Kusini ilikuwa bado inahangaika na neno lililo kabla ya hilo.

5.0 Njia ya Maana ya Neno

Hatua iliyofuata ilihusu wajane. Mwaka 1999, katika shauri la Amod, mwanamke aliyefiwa na mumewe katika ajali ya gari alidai fidia kwa kupotewa na matunzo. Jaji Mkuu Mahomed aliamua kwamba wajibu wa mume wa Kiislamu kumtunza mkewe ni wajibu unaostahili kulindwa na sheria, ingawa ndoa haikusajiliwa. Bado, kilicholindwa kilikuwa wajibu, si jina la mke.

Jina lilipatikana katika shauri la Daniels dhidi ya Campbell, lililoamuliwa na Mahakama ya Katiba Machi 2004. Bi Daniels aliolewa Kiislamu mwaka 1977. Mumewe alifariki mwaka 1994 bila ya wosia, akiacha nyumba katika mtaa wa Hanover Park, Cape Town. Bi Daniels aliambiwa kwamba hawezi kurithi kwa sababu hakuwa "mwenzi wa ndoa aliyebaki hai" kwa maana ya Sheria ya Mirathi Isiyo na Wosia ya 1987, wala hawezi kudai matunzo kwa Sheria ya Matunzo ya Wenzi Waliobaki Hai ya 1990. Sheria hizo mbili hazikutoa fasili ya neno la Kiingereza "spouse". Kila kitu kilitegemea maana yake.

Jaji Sachs, akiandika kwa niaba ya wengi, alisema kwamba kwa maana yake ya kawaida neno hilo linawaingiza waliooana Kiislamu, na kwamba hivi ndivyo linavyoeleweka na kutumiwa na watu. Kuwatenga ndiko kulikohitaji kulipindisha neno. Maana finyu iliyotumika miaka yote, alieleza, haikutokana na lugha bali na ubaguzi wa waliokuwa na mamlaka ya kufasiri.

Jaji Moseneke alipinga njia hiyo ingawa hakupinga lengo lake. Kwake, neno linapotumiwa katika sheria kwa miaka mingi kwa maana moja maalumu, maana hiyo huwa ndiyo maana yake ya kisheria, na waliolitumia mwaka 1987 na 1990 walilijua hilo. Mahakama haiwezi kudai kwamba neno lilikuwa na maana pana tangu mwanzo. Inachopaswa kufanya ni kutangaza kwamba sheria inapingana na Katiba na kuiongezea maneno yanayokosekana.

Mwanaisimu ataitambua mara moja tofauti hii. Jaji Sachs alilichukulia neno hilo kuwa la lugha ya kawaida, ambalo maana yake huamuliwa na jamii ya wazungumzaji. Jaji Moseneke alilichukulia kuwa istilahi, ambayo maana yake huamuliwa na taaluma inayoitumia na historia yake katika taaluma hiyo. Kinadharia hoja zote mbili zina uzito. Lakini matokeo yake si sawa kwa mjane. Kwa hoja ya pili Bi Daniels angefanywa mke na mahakama mwaka 2004. Kwa hoja ya kwanza alikuwa mke tangu 1977, na ni wafasiri waliokosea.

6.0 Kikomo cha Neno

Ufasiri una kikomo, na kikomo hicho kilijitokeza mwaka 2009 katika shauri la Hassam dhidi ya Jacobs. Marehemu, aliyefariki mwaka 2001 bila ya wosia, alikuwa na wake wawili kwa ndoa za Kiislamu. Hukumu ya Daniels ilihusu ndoa ya mke mmoja tu. Je, neno lile lile liliweza kuwachukua wote wawili?

Jaji Nkabinde, kwa niaba ya Mahakama ya Katiba, alijibu kwamba haliwezi. Neno liko katika umoja, na mpangilio wote wa mgawanyo wa mirathi katika sheria hiyo umejengwa juu ya mwenzi mmoja. Maana ya neno ilikuwa imenyooshwa mpaka ilipoweza kufika. Kilichobaki kilikuwa suala la sarufi. Kwa hiyo mahakama ilitangaza kwamba sheria inapingana na Katiba, ikaamuru isomwe kana kwamba, kila linapotokea neno la umoja, yanafuata maneno "au wenzi". Mofimu moja ya wingi ndiyo iliyompa mke wa pili sehemu yake. Kwa namna hiyo njia iliyopendekezwa na Jaji Moseneke miaka mitano kabla ikawa haina mbadala.

7.0 Bunge na Sheria ya 2024

Majaribio ya kutunga sheria kamili yalikuwapo. Sheria ya Kutambua Ndoa za Kimila ya 1998 haikuwasaidia Waislamu, kwa kuwa "mila" ndani yake imefasiriwa kuwa desturi za Waafrika wenyeji. Tume ya Marekebisho ya Sheria ilitoa taarifa na rasimu ya muswada wa ndoa za Kiislamu mwaka 2003, na rasimu nyingine ikatolewa na serikali mwaka 2010. Hakuna iliyofika mwisho. Wanazuoni wenyewe hawakukubaliana: wapo waliouona muswada kuwa kinga kwa wanawake, na wapo waliouona kuwa njia ya kuiweka sheria ya Mungu chini ya hukumu ya majaji wasio Waislamu na kuipima kwa Katiba. Mwaka 2014 serikali iliwapa maimamu kadhaa mamlaka ya kufungisha ndoa, lakini ndoa wanazosajili ni za kiserikali, na kwa hiyo ni za mke mmoja.

Baada ya mashauri yaliyoanza Desemba 2014, Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 28 Juni 2022 kwamba Sheria ya Ndoa ya 1961 na Sheria ya Talaka ya 1979 zinapingana na Katiba kwa kutozitambua ndoa za Kiislamu, na ikaipa dola miezi 24 kurekebisha kasoro hiyo. Matokeo yake ni Sheria ya Marekebisho ya Talaka iliyoanza kutumika Mei 2024. Humo ndoa ya Kiislamu imefasiriwa, kwa maneno machache, kuwa ndoa iliyofungwa kwa kufuata misingi ya Uislamu. Sasa mahakama inaweza kuvunja ndoa hiyo, kulinda maslahi ya watoto, na kuamuru mali igawanywe kwa haki.

8.0 Kuitambua Ndoa na Kuitambua Sheria

Je, inaweza kusemwa sasa kwamba Afrika Kusini inaitambua sheria ya Kiislamu? Jibu linategemea kinachotambuliwa.

Kwanza, sheria ya Kiislamu inatambuliwa kama kigezo cha tukio. Ili kujua kama ndoa ilikuwapo, mahakama lazima iulize kama nguzo za nikaha zilitimia. Pili, inatambuliwa kama yaliyomo katika hiari ya mtu. Mwislamu anaweza kuandika wosia kwamba mali yake igawanywe kwa mafungu ya Kurani, na wosia huo utatekelezwa, kwa kuwa sheria ya nchi inampa kila mtu uhuru mpana wa kuusia. Akifa bila ya wosia, mgawanyo ni wa sheria ya 1987, wala si wa Kurani: mwana na binti hupata sawa.

Tatu, kama mfumo wenye mamlaka yake wenyewe, haitambuliwi. Hakuna mahakama za kadhi. Uamuzi wa mabaraza ya wanazuoni, ambao ndio Waislamu wengi huuendea kwanza, hauna nguvu ya dola. Sheria ya Usuluhishi ya 1965 inayatoa mashauri ya ndoa nje ya usuluhishi unaofunga. Talaka inayotolewa na mume haivunji ndoa machoni pa mahakama, na amri ya mahakama si lazima ihesabiwe na wanazuoni kuwa talaka au faskhi.

Kutokana na hali hii mwanamke anaweza kujikuta ameachika kwa sheria moja na ameolewa kwa sheria nyingine. Mahakama imemwachisha, lakini mume hataki kutamka talaka, na baraza la wanazuoni halijatoa faskhi. Hawezi kuanza eda wala kuolewa tena kwa dini yake. Kifungu cha 5A cha Sheria ya Talaka, kilichoingizwa mwaka 1996, kinaipa mahakama uwezo wa kukataa kutoa amri ya talaka mpaka kizuizi cha kidini kiondolewe. Kinga hiyo humsaidia mwanamke pale tu ambapo mume ndiye anayeihitaji amri. Pale anayeihitaji ni mke, kumnyima amri ni kumwongezea mzigo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba safari kutoka 1917 hadi 2024 ilikuwa, kwa sehemu kubwa, safari ya maneno: maadili, mkataba, mwenzi, na hatimaye ndoa yenyewe. Katika kila hatua, mtu aliyesubiri fasili alikuwa mwanamke aliyeachwa au aliyefiwa, na kilichokuwa mikononi mwa wafasiri kilikuwa nyumba yake na chakula cha wanawe. Safari hiyo imeishia katika kutambuliwa kwa ndoa ya Kiislamu; haijafika katika kutambuliwa kwa sheria ya Kiislamu, na wapo Waislamu wa nchi hiyo wanaotaka isifike, ili sheria hiyo ibaki mikononi mwa wanazuoni.

Kwa wanaotafsiri na kuandika kuhusu sheria kwa Kiswahili, upo umuhimu wa kuwa waangalifu. Kusema tu kwamba nchi fulani "inatambua ndoa za Kiislamu" hakutoshi. Msomaji wa Mombasa au Unguja ataelewa kwamba kuna kadhi, kuna eda inayohesabiwa, na kuna mafungu ya mirathi. Kwa Afrika Kusini, hayo yote matatu hayamo katika sheria ya dola. Yafaa mwandishi aeleze kila mara ni nini hasa kinachotambuliwa: tukio la ndoa, hiari ya mtu, au mamlaka ya sheria. Tofauti hiyo ikifichwa ndani ya kitenzi kimoja, atakayeumia ni yule anayekwenda mahakamani akidhani amekwisha kupata kile ambacho bado hajapewa.